Nimesomesha uongo miaka 11: mavune si asidi, mavune ni kushuka mkarafuu

Maalim_Kikwajuni (mwenye uzi)

Assalaam alaykum wanajamvi. Uzi mrefu huu. Asiye na subira akanywe kahawa kwanza, halafu arudi.

Mimi nasomesha baiolojia skuli ya sekondari hapa mjini Unguja. Miaka 11 nimesimama mbele ya ubao nikiwaambia watoto wa watu kwamba mazoezi makali yanaipunguzia misuli oksijeni, misuli inatoa asidi ya laktiki, asidi inabaki mle ndani, na kesho yake ndiyo inayokuuma mwili mzima, yaani mavune. Wameandika, wamehifadhi, wamejibia mitihani. Leo naomba radhi, na aliyenileta kwenye radhi hii ni mkarafuu wa ami yangu.

Mwezi uliopita nilivuka kwenda Pemba, upande wa Mtambile. Msimu umechanganya, wachumaji hawapatikani, nami nikajitia uhodari. Mimi si mtu wa kukaa: mara nne kwa wiki natoka Kikwajuni mbio mpaka Mazizini na kurudi, na siku ya mazoezi ya Januari mosi natembea na kikundi changu mpaka uwanja wa Amaan huku naimba. Nikasema miti gani hiyo ya kunishinda mimi. Siku ya kwanza nikapanda na kushuka tangu asubuhi mpaka alasiri. Kupanda ndiko kulikonitoa jasho: moyo unagonga, mapaja yanawaka. Kushuka nilikuona mapumziko. Unajiteremsha tawi kwa tawi, pumzi zimetulia, unaongea na walio chini. Jioni nikala muhogo wa nazi na samaki, nikalala usingizi wa mtoto.

Asubuhi nikaamka na ugumu kidogo tu. Nikakaa jamvini na kina mama kuchambua, nikajua yamekwisha. Siku ya tatu ndipo nilipofahamu mavune ni kitu gani. Choo cha ami ni cha kuchutama. Sitaeleza zaidi.

Siku hiyo hiyo nikarudi Unguja. Kwetu tunakaa ghorofa ya pili, ngazi za kizamani, zimesimama wima. Kupanda nilipanda. Asubuhi kushuka kwenda kazini ikawa mtihani: kila nikiteremsha mguu paja linalegea kama si langu. Nikageuka, nikashuka kinyumenyume, mikono ukutani, kama mtu anayeteremka kutoka chomboni. Watoto wa jirani mpaka leo wananiigiza.

Sasa swali. Asidi ile, kama ipo, ilitoka nilipokuwa napanda, maana ndipo nilipotweta. Na laktiki haikai: ukipumzika, ndani ya saa moja hivi damu imeshaisomba, imerudi kiwango chake cha kawaida. Mavune yangu yalipanda siku ya tatu. Mwizi gani huyu kaondoka mjini jana alasiri, nyumba ikavunjwa kesho kutwa? Tena mwizi huyo kila wiki anapita mwilini mwangu nikimaliza mbio zangu za Mazizini, njia tambarare, mapaja yanawaka vile vile, na kesho yake sina hata chembe ya maumivu.

Nikaingia kusoma. Nimekuta waliolipima jambo hili zamani sana. Mwaka 1983 watafiti wa Marekani waliwakimbiza watu kwenye mashine dakika 45, wengine tambarare, wengine imeinamishwa kama wanateremka kilima. Wa tambarare laktiki yao ikapanda, hawakuumwa. Wa kuteremka laktiki haikupanda, na hao ndio waliougua mavune. Mwaka 1983! Mimi bado sijazaliwa, na nikaja nikasomesha kinyume chake.

Tumbo_la_Urojo

Mie nimesoma mpaka kwenye choo cha kuchutama nikaanguka kwa kicheko. Pole yakhe. Mengine nitayasoma nikitoka Forodhani.

Chuma_Kwahani

Maalim kwa heshima yako, mie nanyanyua vyuma mwaka wa sita. Mwalimu wetu anatuambia ukimaliza kufanya mguu, kimbia taratibu dakika kumi utoe asidi. Na nikifanya hivyo wallahi napata nafuu. Sasa unatuambia sote wajinga?

Halafu hujajibu. Kama si asidi, ni nini? Na kwa nini kushuka, ambako hata jasho hakuna?

Maalim_Kikwajuni

Chuma, hakuna mjinga hapa ila mwenye uzi. Nafuu unayoipata ni ya kweli: mwili ukipata moto, maumivu yanapungua kwa muda. Ila unachokitoa si asidi, maana usipokimbia itaondoka yenyewe vile vile. Sehemu inachomwa na misuli mingine pamoja na moyo kama kuni, sehemu inakwenda kwenye ini kugeuzwa tena sukari. Safari hiyo ya kwenda inini na kurudi waliieleza Carl na Gerty Cori, mtu na mkewe, waliopewa Nobel mwaka 1947. Ile tunayoiita takataka ni chakula.

Swali lako la pili ndilo lenye utamu. Nipeni nafasi.

Nani hapa amewahi kuvuta dau kulipandisha pwani? Watu kumi wamepanga mstari kwenye kamba. Kila mmoja anashika, anavuta, anaachia, anapeleka mkono mbele, anashika tena. Si wote wanaoachia kwa pamoja, la sivyo dau linarudi. Msuli ni hivyo hivyo. Ndani ya kila unyuzi wa msuli zimo kamba nyembamba za protini iitwayo aktini, na pembeni yake vifungu vya protini nyingine, miosini, vyenye vichwa vingi mno. Vile vichwa ndiyo mikono. Kila mvuto mmoja haufiki hata sehemu moja ya laki ya milimita, lakini vichwa ni vingi na vinarudia haraka. Kamba zenyewe hazifupiki, zinapishana tu. Hili lilitoka mwaka 1954, makala mbili katika jarida moja: moja ya Andrew Huxley na Rolf Niedergerke, nyingine ya Hugh Huxley na Jean Hanson. Huxley wawili hao hawana udugu, nilikuwa nawachanganya hata mimi darasani.

Amri ya kuvuta inatoka kwenye neva, kalsiamu inamwagika ndani ya unyuzi, inafunua mahali pa kushika. Kalsiamu ikirudishwa ghalani, msuli unalegea.

Sasa malipo. Kila kichwa kinalipwa kwa ATP, kemikali inayobeba nishati mwilini, sarafu moja kwa mvuto mmoja. Na hapa pana jambo ambalo watu wengi hawalijui: sarafu inahitajika ili kichwa kiweze KUACHIA kamba. Kushika kinaweza kushika bure. Bila ATP mpya, mkono unaganda pale pale.

Nahodha_Mstaafu

Hapo maalim umenigusa. Ndiyo maana samaki akishakufa saa chache anakuwa mgumu kama ubao? Sisi tukimnunua Darajani au popote, samaki mgumu ndiye tunayemtaka, ukimshika kichwa mkia hauanguki. Akishalegea tena, huyo kalala.

Maalim_Kikwajuni

Ndiyo hiyo nahodha. Samaki kafa, ATP imekwisha, mikono yote imeshika kamba na hakuna wa kulipa iachie. Baadaye nyama inaanza kuharibika yenyewe, ndipo analegea. Mbuzi wa Idi naye ukimchinja asubuhi, mchana nyama imekakamaa, sababu ni moja.

Na kwa kuwa uko hapa: umewahi kujiuliza kwa nini jodari nyama yake nyekundu na changu nyeupe? Jodari haachi kuogelea maisha yake yote. Misuli ya kazi ndefu inajaa protini ya kubebea oksijeni, yenye rangi nyekundu. Changu anakaa mwambani, akitaka kukimbia anaruka mara moja. Mwanadamu anayo yote mawili, yamechanganyika ndani ya msuli mmoja.

Turudi kwenye dau. Kulipandisha, watu kumi wanavuta, kila mmoja anahema, anakula sarafu. Sasa lishusheni majini taratibu kwa kamba ile ile. Wangapi mnahitajika? Watatu wanatosha, tena wamesimama wanapiga soga. Dau ndilo linalovuta. Nyinyi mnashika tu, kamba inawaponyoka kidogo kidogo. Mkono unang'olewa na kamba, hauachii kwa hiari, kwa hiyo hata ile sarafu ya kuachia hailipwi. Kazi rahisi, pumzi haitoki. Lakini viganja vya wale watatu vikoje jioni?

Hiyo ndiyo siri ya kushuka. Paja linavuta huku linarefushwa. Mwili unatumia nyuzi chache tu, maana chache zinatosha, na kila mojawapo inabeba mzigo mkubwa kuliko ilivyozoea. Baadhi ya vipande vyake vinavutwa kupita kiasi na kuchanika. Uswidi mwaka 1981 watu waliteremshwa ngazi za jengo refu mara nyingi, kisha wakakatwa vipande vidogo vya msuli wa kigimbi na kutazamwa kwa darubini. Mistari inayoshikilia kamba, ambayo huwa imenyooka, ilikuwa imepinda na kuvurugika.

Kwa nini maumivu yanangoja? Kwa sababu kuchanika kwenyewe si kunakouma sana. Kinachouma ni fundi: mwili unapeleka maji na chembe za ukarabati, eneo linavimba, neva zinakuwa nyepesi kuhisi. Hilo linachukua masaa, linafika kileleni kati ya siku ya kwanza na ya tatu. Siku hizi wako wanaoona kwamba ule utando unaozunguka msuli ndio unaouma zaidi kuliko nyuzi zenyewe. Na mwaka 1902 Mmarekani Theodore Hough alishaandika kwamba mavune haya yanatokana na kuchanika ndani ya msuli. Yaani jibu lilikuwepo kabla ya asidi kupewa lawama.

Chuma_Kwahani

Haya, kidogo unanivuta. Lakini kwamba kushuka kunakula nguvu kidogo, nani alipima? Au na hilo ni dau?

Maalim_Kikwajuni

Hili linanifurahisha kuliko yote. Mwaka 1952 Waingereza watatu, Abbott, Bigland na Ritchie, walichukua baiskeli mbili wakazifunga zikapeana mgongo, mnyororo umeunganishwa. Mmoja anapiga pedeli kwenda mbele, mwenzake kazi yake ni kuzuia tu pedeli zinazomjia kinyume. Nguvu miguuni ni ile ile, mwendo ni ule ule. Wakapima oksijeni. Anayezuia alitumia kidogo mno, mwenzake mara kadhaa zaidi yake. Wakaonyesha mbele ya wanasayansi London: bibi mdogo wa umbo anazuia, jibaba linapiga pedeli, na jibaba ndilo lililochoka hoi.

Tumbo_la_Urojo

Nimerudi. Sasa huyo bibi kesho yake alishuka ngazi vipi?

Maalim_Kikwajuni

Hahaha. Hilo ndilo lilikuwa linakosekana kwenye ile makala.

Tumbo_la_Urojo

Swali langu la maana: mkarafuu mmoja unalipia bakuli ngapi za urojo?

Maalim_Kikwajuni

Utahuzunika. Tuchukue mtu wa kilo 65 anapanda mita 10. Kazi yenyewe ni kama kilokalori moja na nusu. Msuli unageuza kuwa kazi robo tu ya nishati unayoichoma, mara nyingine chini ya hapo, iliyobaki inatoka joto. Kwa hiyo piga sita. Kijiko cha chai cha sukari, gramu 4, kina kilokalori 16. Kijiko kimoja, mikarafuu miwili na zaidi. Chai yako ya vijiko vitatu inakupandisha miti minane.

Tumbo_la_Urojo

Uzi ufungwe.

Bint_Bwejuu

Msiufunge kwanza. Maalim, mama yangu hapandi mti wala hashuki. Yumo kwenye mwani tangu maji yanatoka mpaka yanarudi, ameinama anafunga. Mgongo unamuuma siku hiyo hiyo, hausubiri kesho kutwa. Na hakuna anachokivuta wala kukishusha. Kwa hesabu yako ya mita na kilo, mama hajafanya kazi yoyote. Mwambie hivyo uso kwa uso uone.

Maalim_Kikwajuni

Dada yangu, umenipata pazuri, na mama mpe salamu, simwambii hivyo ng'o.

Hesabu ya mita inapima mzigo ulioinuliwa tu. Msuli hauujui huo mzigo, unajua kushika. Rudi kwenye dau: limefika katikati ya mchanga, likasimama, mnaambiwa shikilieni mpaka mtu akalete magogo. Dau halisogei hata inchi. Lakini mikono inaachia na kushika upya muda wote, sarafu zinatoka, mnachoka. Mgongo wa mama ndio huo. Tena msuli uliokaza kwa muda mrefu unaibana mishipa yake mwenyewe ya damu, kwa hiyo chakula na oksijeni vinaingia kwa shida, na uchafu unatoka kwa shida. Mtu anayetembea, msuli unakaza na kulegea, damu inapita. Aliyeinama tu hana nafasi hiyo. Ndiyo maana yake yanauma hapo hapo, ni maumivu ya namna nyingine kabisa na yangu. Kila akimaliza kamba anyooke, atembee hatua kadhaa.

Bint_Bwejuu

Nimemsomea. Kasema: "Mwambie maji hayamsubiri mtu anyooke." Lakini kacheka.

KochaMchangani

Nami niingie. Nafundisha vijana wa mtaani, tunachezea mchangani maji yakitoka. Mambo matatu.

Moja, yale moto ya mapaja dakika za mwisho, usiniambie nayo si asidi.

Pili, kuna mchezaji wangu wa pembeni kila mwezi anaumia msuli wa nyuma ya paja. Anaumia akiwa anakimbia, si akiwa anashuka mti.

Tatu, Ramadhani. Tunafanya mazoezi saa moja kabla ya futari, wazazi wananilalamikia.

Maalim_Kikwajuni

Kocha, la kwanza nakubali nusu. Ule moto wa hapo hapo, asidi imo. Imo pamoja na wenzake. Kuna akiba kwanza: ATP iliyomo ndani ya msuli inatosha sekunde mbili tatu tu. Nyuma yake ipo kreatini fosfeti inayoijaza upya, pamoja zinafika kama sekunde kumi. Wale vijana wa mchezo wa ng'ombe kule Pemba, ng'ombe akigeuka, mbio zile za roho mkononi zinalipwa na akiba hiyo. Ng'ombe akiendelea kukufuata, sukari inavunjwa upesi bila ya kungoja oksijeni, ndipo laktiki inapojaa. Glukosi moja kwa njia hiyo inaleta ATP mbili tu, ikichomwa vizuri na oksijeni inaleta kama 30. Hasara kubwa, lakini ukifukuzwa na ng'ombe huulizi bei.

Na laktiki iliwahi kudhaniwa ndiyo yenyewe inayoendesha msuli. Hill na Meyerhof walipata Nobel ya 1922 kwa kazi yao ya joto na asidi hiyo. Mwaka 1930 Mdenmaki Lundsgaard akaipa misuli sumu inayozuia laktiki isitengenezwe kabisa. Misuli ikaendelea kujikunja kwa muda kama kawaida. Fikiria sura za wakubwa waliposoma hiyo.

La pili: mchezaji wako anashuka mti, ila hujauona. Anapotupa mguu mbele kwa kasi, nani anauzuia usiruke? Msuli wa nyuma ya paja. Unavuta huku unarefushwa. Kila anaposimama ghafla, kila anapogeuka, ni kushuka. Kuna zoezi lake: apige magoti, mwenzake amshike vifundo vya miguu, kisha ajiangushe mbele taratibu kadiri anavyoweza kujizuia. Limejaribiwa kwa wachezaji wengi na majeraha ya msuli huo yakapungua. Lakini aanze machache! Ukimfanyisha thelathini siku ya kwanza, mechi ya Jumapili ataangalia akiwa kwenye mkeka.

Futari: wazazi wana haki kidogo, nawe una haki kidogo. Sukari iliyohifadhiwa, glikojeni, ipo inini kama gramu 100, na misulini gramu 400 au zaidi. Kufunga kutwa kunapunguza ya inini, maana ini linagawa kwa mwili mzima, linalisha ubongo. Msuli ni bahili, hautoi sukari yake kwa mtu. Kwa hiyo jioni mguu bado unayo, ila kichwa kinaona kizunguzungu. Na tatizo kubwa zaidi ni maji. Robo tatu ya nishati inatoka joto, joto linaondoka kwa jasho, na jasho linalochuruzika likaanguka mchangani halikupozi, linalokauka mwilini ndilo linalopoza. Wakati wa kaskazi, hewa nzito, halikauki. Fanya mepesi kabla ya adhana, makali baada ya tarawehe.

KochaMchangani

Kwa hiyo beki anayekaba na kurudi nyuma muda wote ataumwa zaidi ya mshambuliaji?

Maalim_Kikwajuni

Anayesimama ghafla mara nyingi zaidi ndiye. Wahesabu wewe mwenyewe mechi ijayo, halafu Jumanne waulize nani anashindwa kukaa kitako.

NesiMstaafu

Wanangu, nimewasoma nimefurahi, ila maalim kuna jambo hukuligusa na mimi nisingelala bila kulisema. Mavune ya kawaida yanauma, yanapungua, siku ya tano sita yamekwisha. Lakini mtu aliyefanya kazi ya kupita kiasi ambayo hakuizoea, akiona mkojo umekuwa wa rangi ya chai ya rangi au kahawa, misuli imevimba na haina nguvu, huyo asisingwe wala asingoje kesho. Hospitali siku hiyo hiyo. Ni msuli uliovunjika sana, ile protini nyekundu ya maalim imeingia kwenye damu na inaziumiza figo. Na asijimezee diklofenaki wala ibuprofeni hali hajanywa maji kutwa, anaziongezea figo mzigo.

Chuma_Kwahani

Shikamoo bi mkubwa. Na kuchua kwa mafuta ya makonyo? Bibi yangu hana dawa nyingine.

NesiMstaafu

Marahaba mwanangu. Yale mafuta yana ganzi ndani yake, ndiyo hiyo inayotuliza jino. Lakini uyachanganye na mafuta ya nazi, mengi ya nazi, kidogo ya makonyo. Matupu yanachoma ngozi. Yanapunguza kuhisi, msuli unajitengeneza wenyewe.

Chuma_Kwahani

Nimeelewa. Maalim, nimefikiria kuhusu vyuma. Kumbe mwalimu anaposema "shusha polepole, usitupe" ndipo tunapoumwa.

Maalim_Kikwajuni

Ndipo, na ndipo msuli unapopata sababu ya kujijenga pia. Msuli ukiwa unashusha unabeba zaidi ya unavyoweza kunyanyua. Jaribu chuma usichoweza kukipandisha, utaona kukishusha unaweza.

Kijana_wa_Mtambile

Nimeuona uzi huu umechelewa kunifikia. Sie kwetu karafuu tumezaliwa ndani yake, nami nasema kitu kimoja. Wazee wa kwetu siku ya mwanzo ya mchumo hawapandi mti mkubwa. Anatafuta mkarafuu mchanga, anavuta matawi na ngowe, anachuma pishi mbili tatu, anashuka, anakaa na chai yake. Mpaka kesho kutwa ndipo anapanda wa kati. Sie vijana tukiwaona wavivu, tukaparamia mirefu siku ya kwanza, na kila mwaka tunalala chali siku ya tatu wakati mzee wa miaka sitini yuko juu anaimba. Hilo baiolojia inalo?

Maalim_Kikwajuni

Inalo, na limenitia haya kulisoma. Msuli ukishuka mara moja, hata kidogo, mara ya pili unaumia kidogo sana, na kinga hiyo inakaa wiki kadhaa. Haihitaji hata kuumwa sana mara ya kwanza, kushuka kuchache kunatosha kuuandaa. Kwa nini hasa, wanataja mengi: neva zinagawa mzigo kwa nyuzi nyingi zaidi, unyuzi unaongeza vipande, utando unakaza. Wazee wako wamelifanya bila ya darubini.

Mimi mbio zangu zote za Mazizini ni tambarare. Mapafu yamezoea, moyo umezoea, paja halijazoea kushuka zaidi ya zile ngazi zetu za nyumbani. Unguja tutashuka wapi?

Kijana_wa_Mtambile

Sasa ami yako hukumuuliza kwa nini alikutazama tu unapanda mti mkubwa siku ya kwanza?

Maalim_Kikwajuni

Nimempigia simu leo baada ya Isha, kwa ajili yako. Nimemuuliza hivyo hivyo. Kanyamaza kidogo, kisha kasema: "Wewe ulikuja na viatu vya mbio. Nikadhani unajua."

Jumamosi n'navuka tena, wiki tano hazijatimia. Viatu naviacha.